Mchotaji wa Saa Sita Mchana

Kilula cha Chipunda kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na bado kilitoa maji.

Mwamina aliliona jambo hilo kwenye ripoti ya mwezi wa tano, ofisini kwake Nachingwea, na hakulitilia maanani. Katika kazi ile namba zilikosea kila wiki. Jumuiya ya watumia maji ilikuwa na vilula, vituo vya bomba vya kuchotea maji, katika mji na vijiji vya Nachingwea na katika vijiji vya Ruangwa, na kila kilula kilikuwa na mita na kifaa cha kusomea kadi. Mtu anagusisha kadi ya kaya yake, maji yanatoka, na taarifa inakwenda yenyewe kwenye mfumo. Kazi ya Mwamina ilikuwa kuhakikisha kwamba maji yaliyopita kwenye mita yanalingana na maji yaliyochotwa kwa kadi. Yasipolingana ripoti inaweka rangi nyekundu, na nyekundu ikikaa, simu kutoka Ruangwa inaita.

Chipunda, kitongoji kilichojificha ndani huko Kiegei, kilikuwa chekundu. Kila siku ndoo mbili za maji zilipita kwenye mita bila kadi ya mtu yeyote, saa ileile.

Simu ikaita.

"Dada Mwamina," alisema Kornel, meneja wa jumuiya, ambaye ofisi yake ilikuwa Ruangwa. "Wafadhili wanakuja wiki ijayo. Nataka nikiwasha ile skrini waone kijani kitupu, kama shamba la mpunga."

"Kuna Chipunda, bosi. Maji yanatoka bila kadi."

"Bomba linavuja."

"Bomba likivuja linavuja kutwa kucha. Hili linavuja saa ileile tu kila siku, kisha linaacha."

"Bomba lenye ratiba!" Kornel akacheka peke yake. "Dada, tafuta kosa, lirekebishe. Mkataba wako unaisha mwezi wa sita, au nimekosea?"

Hakukosea. Mwamina alikuwa na mtoto mmoja, Safina, wa darasa la tano. Kabla yake alikuwa amezika wawili, na baada yake baba yao, Abdalah, alikwenda machimboni akakaa hukohuko. Watu walimwambia Mwamina kwamba anampenda mno yule mtoto. Yeye hakuliona kama jambo la kupenda. Lilikuwa jambo la kumlisha, kumvisha na kumfikisha jioni akiwa mzima, siku baada ya siku, maana mwingine hakuwepo.

Akakaa na zile namba. Alitafuta taarifa zilizoingia mara mbili, hakuzikuta. Alilinganisha mita ya kilula na mita ya tangi, zikakubaliana. Kwa hiyo maji yalikuwa yametoka kweli. Ripoti ilisema yanatoka saa 6:00, na saa sita ya kompyuta ni alfajiri, kwa hiyo alimpigia Bi Gaudensia, mama wa makamo aliyeshika funguo za kilula cha Chipunda, akamwomba aamke mapema akamvizie mwizi. Gaudensia aliamka siku kadhaa. Hakuona hata mbwa.

Ndipo Mwamina alipogundua kosa, akajipiga kofi la paja. Kijana aliyefunga kifaa kule alikuwa ameweka saa kama watu wanavyoitaja midomoni. Jua lilikuwa utosini, watu wakasema ni saa sita, naye akaandika sita. Maji yalikuwa yanatoka mchana. Alirekebisha saa, akajiona mjanja, akapiga tena simu.

"Ni saa sita mchana, mama, siyo alfajiri."

Upande wa pili funguo zikagongana.

"Saa sita ya jua kali?" Gaudensia aliuliza polepole.

"Ndiyo."

"Basi njoo mwenyewe, mwanangu. Mambo hayo mimi siyasemi kwenye simu."

Alikwenda kesho yake kwa bodaboda, akafika na vumbi mpaka kwenye kope. Ulikuwa wakati wa kuvuna ufuta na watu wote walikuwa mashambani. Gaudensia alimngoja kwenye kivuli cha ukuta wa zahanati, rozari shingoni, funguo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa, usisogee kule kwenye zege. Bado kidogo."

"Kuna nini pale?"

"Palikuwa na chemchemi kabla hamjaleta mashine yenu. Sisi tukiwa wasichana, aliyefika wa kwanza alimwaga ndoo zake za kwanza chini, kisha ndiyo anachota za kwao. Tuliambiwa hizo ni za wenyewe wa chemchemi, wasioonekana. Waislamu walimwaga, Wakristo tulimwaga, padri alisema tuache na tulimwaga akigeuka. Sasa mmetupa kadi. Nani atamwaga maji ya kulipia?"

"Kwa hiyo unasema wenyewe wanajichotea?"

"Mimi sijasema kitu. Tazama."

Mwanzoni Mwamina hakuona kitu, alisikia tu: nyenje waliokuwa wakilia kwenye miti walinyamaza wote kwa pamoja, kama redio iliyochomolewa. Kisha ikaja harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni. Kufuli lilikuwa pale pale kwenye kikomeo, analiona, na chini yake maji yakaanza kutoka, yakashuka wima kama kamba, na yalipofika usawa wa kifua cha mtoto yakaishia hapo hapo hewani, bila kutawanyika, bila kurusha tone, na mchanga ulio chini yakaupita bila kuulowesha, huku mita ikizunguka na kutoa ule mlio wake mdogo wa tiki, tiki, tiki, na kitu kisichoonekana kikimeza, maana alisikia kumeza, funda baada ya funda, kwa pupa ya mtu aliyevuka jangwa.

Alifungua mdomo kuuliza ni nani. Gaudensia akauziba kwa kiganja.

"Usimuulize jina," alinong'ona. "Hana jina. Hana jina, hana kwao, ndiyo maana hana pa kwenda. Anakunywa hapa, anabaki hapa. Miaka yote hiyo hajamgusa mtu."

Maji yakakatika. Nyenje wakaanza tena.

"Andika kwenye ripoti yako," Gaudensia alisema wakati Mwamina anapanda pikipiki. "Ndoo mbili za kwanza, kila siku, zimwagwe. Hamtasikia tena shida Chipunda. Si jambo kubwa."

Halikuwa jambo kubwa. Lakini njia nzima ya kurudi Nachingwea, Mwamina alijaribu kulipanga katika sentensi ambayo Kornel angeweza kuwasomea wafadhili, na kila alipoipanga ilimchekesha, kisha ikamtia aibu. Kwenye mfumo hapakuwa na sehemu ya kuandika maji ya wenyewe. Palikuwa na sehemu ya mteja.

Akafanya wanachofanya wahudumu wote namba zikigoma. Alifungua akaunti ya mteja mpya, akayahamishia kwake yale maji yasiyo na mwenyewe. Mfumo ulitaka jina, akaandika la kwanza lililomjia, Somoe, jina ambalo kila mtaa wa kusini unalo. Ulitaka namba ya simu, akaweka yake, kama walivyozoea kuwafanyia wazee wasio na simu. Ulitaka namba ya kaya, na kaya lazima iwe ya kweli, ya mtu aliye hai. Namba moja tu aliijua kwa kichwa. Akaandika ya kwake.

Chipunda kikawa kijani.

Kwenye mkutano wa Ruangwa, Kornel aliwasha skrini, wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja akapiga picha. Mwamina alikuwa amekaa nyuma karibu na katoni za maji ya chupa. Simu yake ikatetemeka.

*Ndugu SOMOE, umechota lita 40, kilula cha CHIPUNDA. Karibu tena.*

Alitazama saa ya ukutani. Mishale ilikuwa imesimama pamoja juu.

Ni mfumo tu, alijiambia. Ameandika namba yake, basi ujumbe unakuja kwake. Akaufuta. Kornel alimfuata mlangoni akiwa na furaha.

"Dada Mwamina, wewe si mtu, wewe ni mashine! Mkataba wako nitausaini kwa mkono wangu."

Kesho yake, saa ileile, ujumbe ulikuja tena. *Ndugu SOMOE, umechota lita 40, kilula cha KIEGEI SOKONI.*

Mwamina aliusoma mara mbili. Kisha akampigia Kornel, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida.

"Bosi, mteja mwenye kadi ya Chipunda anaweza kuchota Kiegei sokoni?"

"Anaweza, kadi ni ileile popote. Mteja gani?"

"Somoe. Namba mpya."

Kornel aliibonyeza kwenye kompyuta yake. "Huyu kadi yake hatujaichapisha, dada. Hawezi kuchota popote. Lazima umekosea."

Siku iliyofuata kilikuwa kilula cha Lionja. Kisha cha njia panda. Mwamina aliacha kula mchana. Alikuwa anaweka simu mezani, anaitazama mpaka itetemeke, na kila ilipotetemeka jina la kilula lilikuwa la karibu zaidi, kama mtu anayetembea kwa miguu bila haraka, anayejua anakokwenda, anayesimama mara moja tu kwa siku kunywa. Kikaja kilula cha mwanzo wa mji. Kikaja cha nyuma ya stendi. Siku ya Ijumaa kikaja cha mtaa wao, kilicho mbele ya nyumba yao, ambacho Safina alikuwa anachota kila akitoka shule.

Alikimbia. Alipita sokoni akiwa ameshika viatu mkononi, watu wakimwita "Mama Safina, kuna nini?" na hakumjibu mtu.

Safina alikuwa amekaa kizingitini, sare ya shule imelowa kifuani. Ndoo mbili zilikuwa kando yake, tupu.

"Umerudi mapema, mama."

"Wewe je? Shule imetoka?"

"Niliitwa." Mtoto akajifuta mdomo kwa mkono. "Mama, Somoe ni nani? Kasema na yeye ni wa hapa."

Jina lile Mwamina hakuwa amelitaja mbele yake, wala mbele ya jirani.

Tangu siku hiyo nyumba haikukaa na maji. Walijaza mtungi, ndoo na masufuria, na yote yalikutwa makavu, na Safina alikuwa anakunywa huku akilia kwamba ana kiu, midomo imempasuka, ngozi ya mikono imejikunja kama ya bibi kizee, na uzito ukimtoka mpaka mama yake alipombeba kwenda hospitali alihisi kama amebeba nguo zilizotundikwa kwenye fimbo. Hospitali walimpima malaria, wakampima sukari, wakampima figo. Hawakuona kitu. Walimtundikia dripu, chupa ikaisha mara moja mbele ya macho ya nesi, na mkono wa mtoto ukabaki mkavu vilevile. Chumbani kukawa na ile harufu ya nguo mbichi. Safina alianza kulala ukingoni mwa kitanda, akibana ukuta.

"Sogea katikati, utaanguka."

"Katikati amelala mwenzangu."

Jirani ndiye aliyemtaja Bi Ashura wa Lionja, fundi wa kutoa majini. Mwamina hakuwa mtu wa mafundi, ila hakuwa na kitu kingine. Akatuma pikipiki imfuate.

Ashura alishuka na mfuko wa rambo, kitenge kimejaa makapi ya ufuta.

"Ufuta wangu upo uwanjani unadonolewa na kuku," alisema kabla ya kukaa. "Sina siku mbili. Mtoto yuko wapi?"

Jua lilikuwa linazama. Aliweka makaa kwenye chetezo, akatia ubani na majani makavu ya kivumbasi, akamkalisha Safina mkekani, akamfunika shuka jeupe. Moshi ulijaa, Ashura akasoma anayoyajua, kwanza kwa Kiarabu kisha kwa Kimwera, sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, na chini ya shuka kile kiwiliwili kidogo kikaanza kuyumba, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka Mwamina, aliyebana mlango kwa mgongo, akaona kwamba kivuli cha mtoto ukutani kilikuwa hakiyumbi, kimekaa kimya, kimegeuza kichwa upande wake, kinamtazama.

"Wewe uliyemkalia mtoto huyu kama kiti, ni nani?" Ashura aliuliza.

"Somoe." Sauti ilikuwa kama ya mtu anayetafuna mchanga.

"Nani kakupa jina?"

"Mama."

"Nani mama?"

"Huyo aliyesimama mlangoni."

Ashura hakugeuka. "Unataka nini, uende zako? Shuka jekundu? Marashi? Kuku?"

"Sitaki kitu. Nipo kwetu."

"Hapa si kwenu."

"Kwetu ni hapa. Nimeandikwa."

Ashura alitia ubani mwingine, akasoma tena, kwa ukali, jasho likimtiririka. Mwishoni akafunua shuka, akamlaza mtoto, akamvuta Mwamina nje uani kwa kiwiko.

"Umemfanya nini yule?"

Mwamina akamweleza: ripoti, mteja, namba ya kaya. Ashura alisikiliza akijitoa makapi kwenye kitenge.

"Majini ninaowajua mimi ni wavamizi," alisema. "Mvamizi unampigia ngoma, unampa anachotaka, anatoka. Huyu hajavamia. Alikuwa hana jina, umempa. Alikuwa hana nyumba, umempa ya kwako. Na kila mchana unamtumia salamu kwenye simu, karibu tena, karibu tena."

"Simtumii mimi. Ni mfumo."

"Mfumo ndiyo nani?"

"Ni... ni kompyuta."

"Basi nenda kaiambie. Mimi siwezi kumtoa mtu kwao." Akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea. "Nenda sasa hivi. Mtoto huyu hafiki kesho saa sita. Mwandike pengine. Lakini ujue, mama, hata huko pengine pana mtu."

Ofisi ilikuwa karibu. Mwamina alifungua, akawasha kompyuta, vidole vikigonga herufi za karibu badala ya alizozitaka. Alibonyeza kufuta. Mfumo ukakataa: akaunti iliyokwisha kuchota maji haifutwi, wafadhili walitaka hivyo ili mtu asifiche wizi. Alijaribu kumrudisha kwenye kilula cha Chipunda chenyewe. *Chagua kaya.* Alijaribu kumweka chini ya ofisi. *Taasisi haipokei mwanakaya.* Alijaribu kutunga kaya mpya isiyokuwepo, mfumo ukadai kitambulisho cha mkuu wa kaya, ukakihakiki, ukakitupa. Aliitafuta nyumba ya Kornel; Kornel alitumia maji ya mji wa Ruangwa, hakuwemo. Kitufe kimoja tu ndicho kilichokubali. *Hamishia kaya nyingine.*

Orodha ikafunguka. Mamia ya majina, kila moja na idadi ya watu wa nyumba hiyo. Watu saba. Watu tisa. Watano, kati yao watoto chini ya miaka mitano wawili. Alipitisha macho juu yake akiwa amejishika tumbo kama mwenye uchungu wa uzazi. Hakulia. Alikuwa anatafuta nyumba isiyo na mtoto.

Aliipata Chipunda. *Titus. Watu: 1.* Mwaka wa kuzaliwa ulisema ni mzee. Mwamina alijiambia kwamba ni mtu wa pale, amekunywa maji yale tangu utoto, labda wanajuana. Alijiambia na mengine. Hakuamini hata moja, akabonyeza.

Simu ikaita hapohapo. Alikuwa Ashura.

"Ameomba uji," alisema Ashura. "Sema na jirani anikopeshe sukari, kwenu hakuna."

Safina alipona. Baada ya wiki chache alirudi shule, mikono imejaa nyama, ananuka jasho la mtoto na vumbi kama wenzake. Mkataba ulisainiwa. Ripoti ilikuwa ya kijani. Kila mchana simu ya Mwamina ilitetemeka, *Ndugu SOMOE, umechota*, sasa kwa kadi ya kaya ya Titus. Ndoo mbili, kisha nne, kisha nyingi. Namba ya simu angeweza kuibadilisha. Hakuibadilisha, maana alitaka kujua kitu kile kilipo. Mara nyingine aliipiga picha ile nyumba akilini, mzee amekaa na mitungi, akaenda kuosha vyombo.

Korosho zilipoanza kuanguka, Bi Gaudensia alifika ofisini asubuhi moja, viatu vyeupe kwa vumbi, akashusha kapu la mihogo.

"Hii ya mtoto wako. Nilisikia aliumwa."

"Ahsante, mama. Shikamoo. Karibu kiti."

"Marahaba. Nimekuja kufunga kadi ya Titus."

Mwamina akasogeza kapu pembeni.

"Tumemzika juzi," Gaudensia aliendelea, akijipepea kwa upande wa khanga. "Mjane mwenzangu yule, alikuwa ananitania kila nikipita, ananiita mchumba. Tumemkuta katikati ya ndoo zimejaa mpaka juu, mwanangu, na ulimi wake umekauka kama kipande cha gome. Waliomwosha wanasema maji yalikuwa hayamkai mwilini." Akajifanyia ishara ya msalaba. "Mimi nilidhani nimefanya vizuri. Tangu ulipokuja ile siku, kila asubuhi namwaga ndoo mbili pale kwenye kilula, kwa kadi yangu mwenyewe. Nikaona kumetulia, nikasema wenyewe wamepokea. Kumbe walikuwa hawapo tena pale. Sijui nani kawahamisha."

"Sijui, mama," Mwamina alisema.

Akafungua akaunti ya Titus. Mfumo ukaandika kwa herufi nyekundu: *Kaya ikifungwa, wanakaya waliobaki watarudi kaya yao ya awali. Mabadiliko yataanza saa 12:00.* Mwanakaya aliyebaki alikuwa mmoja. Kaya ya awali ilikuwa na namba aliyoijua kwa kichwa. Kumi na mbili ya kompyuta ni saa sita mchana. Alitazama saa kwenye pembe ya skrini. Nje, upande wa shule, kengele ya mapumziko ilikuwa inalia.

"Na mimi nitengenezee kitu," Gaudensia alisema. "Kadi yangu bado inasoma watu wawili. Kijana wangu Eusebio ameshahamia Dar, kapata kazi ya ulinzi. Mtoe."

Mikono ya Mwamina ikatulia juu ya meza.

"Kwa hiyo sasa uko peke yako, mama?"

"Peke yangu na rozari yangu." Gaudensia akacheka, kisha akaacha. "Mbona unanitazama hivyo, mwanangu?"

"Hapana. Nakuandika." Mwamina akaigeuza skrini kidogo, upande wa ukutani. "Nitajie tena namba ya kaya yako."

Gaudensia akaitaja, polepole, ili asikosee.